Mfalme Alfred na Maradhi ya Tumbo

Wanafunzi wangu wa isimu ya kihistoria hukutana na jina la Mfalme Alfred wa Wessex tunapofikia Kiingereza cha Kale, katika wiki ya pili au ya tatu ya muhula. Aghalabu huwaeleza mambo mawili kumhusu, kwamba aliwashinda Waviking na kwamba alitafsiri vitabu, kisha tukaendelea na viambishi vya nomino. Jambo la tatu, kwamba mtu huyu aliishi karibu utu uzima wake wote akisokotwa na tumbo, nililijua lakini sikuona haja ya kulitaja darasani. Leo naiona haja hiyo, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mgonjwa wa utumbo, tena wa magonjwa mawili kwa mpigo, na ningependa wasomaji waniwie radhi nikimsimulia mfalme huyu kwa kuanzia tumboni mwake.

Alizaliwa Wantage, kusini mwa Uingereza, mwaka 849, akiwa kitinda mimba wa Mfalme Æthelwulf. Hakuna aliyemtazamia kutawala, maana mbele yake walikuwapo kaka zake, na watatu kati yao walitangulia kukikalia kiti cha Wessex mmoja baada ya mwingine. Mengi tuyajuayo juu ya mwili wake yanatokana na Asser, mtawa kutoka Wales aliyeitwa katika jumba la mfalme na kuandika habari zake kwa Kilatini mwaka 893, mfalme akiwa hai. (Mwaka 1995 mwanahistoria mmoja alidai kuwa kitabu hicho ni cha kughushi. Wengi wa wenzake hawakukubaliana naye, nami nipo upande wa hao wengi.)

Asser anaeleza kwamba tangu ujanani Alfred alisumbuliwa na bawasiri kali. Siku moja, akiwa kwenye mawindo huko Cornwall, aliingia katika kanisa dogo lenye kaburi la mtakatifu, akasujudu kwa muda mrefu, akamwomba Mungu ambadilishie maradhi hayo kwa mengine mepesi zaidi, ila yasiwe ya kuonekana kwa nje. Alichelea ukoma na upofu, ambavyo zama hizo vilimfanya mtu adharauliwe na kuonekana hafai. Bawasiri ikatulia. Kisha, mwaka 868, alipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi, alimwoa Ealhswith wa Mercia. Karamu iliendelea usiku na mchana, na katikati ya shangwe hizo, mbele ya umati wa wageni, bwana harusi akashikwa na maumivu ya ghafla ambayo hakuna tabibu aliyeyatambua. Maumivu hayo hayakumwachia kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Na yalipompumzisha kwa siku moja au usiku mmoja, anasema Asser, hofu ya kurejea kwake haikumpumzisha.

Wageni wa harusi hawakukosa la kusema. Wapo waliodai amerogwa, wengine wakasema ni husuda ya Shetani, wengine homa ya aina ngeni, na wengine wakashikilia kuwa ni ile bawasiri ya zamani. Nilipoisoma orodha hiyo upya nilicheka peke yangu ofisini. Mimi nilianza kwa kutibiwa homa ya matumbo, nikatibiwa amiba mara tatu, nikaambiwa nina vidonda vya tumbo na kwamba nipunguze mawazo, na shangazi yangu mmoja, ambaye nampenda sana, akaniuliza kwa upole ni nani kazini aliyekitaka cheo changu. Karne kumi na moja zimepita na bado jamaa wa mgonjwa wa tumbo wanapita njia zile zile.

Hatimaye daktari alipitisha mpira wenye kamera, akakata vipande vidogo vya utumbo, na jibu likaja kwamba nina siliaki. Huu ni ugonjwa ambao gluteni, yaani ile protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, huichochea kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba wenyewe. Vijidole vidogo vidogo vinavyofyonza chakula hunyauka, na mtu akala asishibe mwili. Hauna dawa isipokuwa kuiacha gluteni maisha yote. Niliiacha. Nilipata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha maumivu yakarudi, pamoja na damu. Nikashukiwa kwamba nakula chapati kwa siri. Daktari alinishuku, na mke wangu alinishuku, hata mimi nikaanza kujishuku. Ilichukua karibu miaka miwili kugundulika kwamba palikuwa na ugonjwa wa pili nyuma ya wa kwanza, nao ni ule wa Crohn, uitwao kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Huo nao ni vita vya kinga ya mwili dhidi ya njia ya chakula, lakini hauhitaji ngano ili uwake. Huwaka na kuzima upendavyo. Inafahamika sasa kwamba mwenye siliaki yumo katika hatari ya kupata maradhi ya jamii hiyo ya pili mara kadhaa kuliko mtu asiye nayo, na kwa hiyo kumlaumu mgonjwa si hatua ya kwanza ya kuchukuliwa.

Hapo ndipo Alfred aliponigusa. Mwaka 1991 jarida la Royal Society of Medicine la Uingereza lilichapisha makala iliyopendekeza kwamba mfalme huyo alikuwa na ugonjwa wa Crohn. Hoja yake ina mantiki: ugonjwa huo hupenda kuanza ujanani, huja na kuondoka, na aghalabu huleta majipu na vidonda penye njia ya haja, ambavyo watu wa kale wangeviita bawasiri. Yaani Asser alihesabu maradhi mawili, moja lililoondolewa kwa sala na jingine lililoletwa na harusi, ilhali yamkini yalikuwa moja tangu mwanzo. Kwangu mimi walihesabu moja, kumbe ni mawili. Sidai kwamba mfalme alikuwa na siliaki, wala hakuna aliye na ushahidi huo. Nasema tu kwamba kosa la kuhesabu ni lile lile, na anayelilipia ni mgonjwa.

Hata hivyo, mfalme mgonjwa aliishi katika utawala uliosimama juu ya mkate. Neno lord la Kiingereza lilianza kama hlaford, lenye maana ya mlinzi wa mkate. Lady lilikuwa hlæfdige, yule anayeukanda mkate. Na katika sheria za kale za Kent, mtu aliye chini ya bwana fulani aliitwa mla mkate wake. Unaweza kuwazia mtu kama mimi akikataa mkate mezani pa bwana wa namna hiyo! Lakini sihitaji kwenda Wessex. Nenda ukweni ukikatae kikapu cha chapati zilizopikwa kwa ajili yako tangu alfajiri, ndipo utakapojua kukataa chakula ni kukataa nini. Wasioelewa huniambia nina bahati kuzaliwa kwenye ugali, wimbi na muhogo. Ni kweli, ila mashine ya kusagia unga iliyotoka kusaga ngano ya jirani huuchafua unga wangu wa mahindi. Na Crohn inapowaka, utumbo uliovimba na kubana hauwezi githeri wala sukuma wiki. Ugonjwa mmoja umenifungia chapati, mwingine unanifungia vile nilivyoviwekea matumaini badala ya chapati. Kila maumivu yajapo sharti niulize ni yupi kati ya hao wawili abishaye hodi.

Turudi kwa mfalme. Alitawazwa mwaka 871, katikati ya vita vya mfululizo. Mwanzoni mwa mwaka 878 Guthrum na Waviking wake walimvamia Chippenham, naye akakimbilia vinamasi vya Somerset, akajenga ngome ndogo Athelney. Ile hadithi ya mfalme aliyekaa jikoni kwa mama fulani akaiacha mikate iungue iliandikwa baada ya yeye kufa, kiasi cha karne moja, na haiaminiki. Nami kwa sababu zangu naipenda. Mwezi Mei mwaka huo huo alitoka vinamasini, akamshinda Guthrum huko Edington, kisha akasimama kuwa baba yake wa ubatizo.

Lakini kwangu mimi Alfred mkubwa ni yule wa baadaye, mpangaji. Alijenga ngome zipatazo 30 kuizunguka nchi. Aliligawa jeshi lake mafungu mawili, moja nyumbani na jingine vitani, yakipokezana. Aliwagawa watumishi wa jumba lake zamu tatu, kila mmoja akitumika mwezi mmoja na kukaa kwake miezi miwili. Aliagiza mishumaa sita yenye urefu sawa, iungue kwa pamoja saa 24, apate kuupima muda wake, na upepo ulipoharakisha miali akaibunia taa ya mbao na pembe ya ng'ombe. Wanahistoria huona hapa akili ya utawala. Mimi naona pia mtu asiyeweza kuuahidi mwili wake kwa kesho, akaijenga dola inayoweza kwenda hata siku ambayo yeye haendi. Ndivyo nami nipangavyo mihadhara yangu, nikiwa na mwenzangu aliyeshika nakala ya maandishi yangu endapo asubuhi sitaweza kutoka nyumbani.

Ni katika hali hiyo alipoanza kusoma Kilatini akikaribia miaka arobaini, akatafsiri kitabu cha Papa Gregory kuhusu uchungaji ili vijana huru wa nchi yake wasome kwa lugha ya mama zao. Tafsiri ya Boethius nayo hupewa jina lake, ijapokuwa wapo wataalamu wanaoishuku. Katika kitabu cha tiba cha wakati huo imeandikwa kwamba Elias, Patriaki wa Yerusalemu, alimpelekea dawa, nyingi zikiwa za kufunga choo, kuharisha na maumivu ya ndani. Kwa hiyo habari za tumbo lake zilifika hadi Yerusalemu. Aliyeomba maradhi yasiyoonekana hatimaye alilazimika kuyataja, tena kwa kinaganaga, ndipo akapelekewa msaada. Naona hilo ndilo alilofanya vyema kuliko ile sala ya Cornwall. Mimi nilikaa miaka minne bila kuwaambia wakuu wangu kwa nini natoka katikati ya mikutano, nikaacha wadhani ni kiburi.

Alikufa tarehe 26 Oktoba 899, akiwa na miaka hamsini hivi. Asser alikuwa ameacha kuandika miaka sita kabla, hivyo hatuelezwi tumbo lilikuwaje mwishoni. Mabaki yake yalihamishwa mara kadhaa katika mji wa Winchester hadi yakapotea. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba kipande cha nyonga kilichochimbuliwa hapo huenda ni chake au cha mwanawe Edward. Muhula ujao, tukifika Kiingereza cha Kale, nitawaeleza wanafunzi mambo matatu.