Samuel Baker na Maporomoko ya Nile

Samuel Baker, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1821, hakupitia chuo cha kijeshi. Alikuwa mwindaji na msafiri. Machi 1864 yeye na Bibi Florence, hali homa imewadhoofisha, walifika kwenye ziwa alilolipa jina la Albert, wakalisafiri kwa mitumbwi ya kuchonga. Wapiga kasia wa kwanza walitoroka usiku. Baker akageuza shuka lake kuwa tanga, safari ikaendelea hadi Magungo.

Hapo wakaingia mto Nile, wakiupanda. Mkondo ulizidi ukali, kingo zikasimama kama kuta, na mamba wametanda mchangani. Mwishowe wakayaona maji yote ya mto yakijipenyeza katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka mita zipatazo 43. Kiboko akauinua mtumbwi wao. Sisi tuliozoea boti za injini twawapigia saluti wenyeji walioshika makasia siku ile. Lakini jina lilikwenda kwa Murchison, bwana mkubwa wa London ambaye hakupata kuyaona maporomoko hayo.

Mwaka 1872 Baker alirudi na askari wa Misri, akatangaza huko Masindi kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Omukama Kabalega hakukubali. Juni mwaka huo vita vikapigwa. Baker akachoma mizigo yake akarudi nyuma, akishambuliwa njia nzima. Alifariki Uingereza mwaka 1893. Katika miaka ya 1970 maporomoko yale yaliitwa Kabalega. Baadaye jina la Murchison likarudishwa.