Young, mtaalamu aliyefichua siri ya mbio za ngisi

WAVUVI wa Diani, Gazi na Msambweni katika Kaunti ya Kwale wanamjua ngisi kwa mbio zake. Akihisi hatari, hutema wino na kufyatuka kinyumenyume kabla mkono haujamfikia. Aliyefichua chanzo cha wepesi huo ni mwanasayansi wa Uingereza, John Zachary Young.

Young alizaliwa mjini Bristol mwaka 1907, akasomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Oxford. Akiwa kijana alikwenda Naples, Italia, penye kituo mashuhuri cha utafiti wa viumbe vya baharini. Huko, alipompasua ngisi, aliona mirija minene iliyofanana na mishipa ya damu. Uchunguzi ulimthibitishia kwamba ni neva. Alieleza ugunduzi huo mwaka 1936.

Neva hizo, ambazo unene wake huweza kufikia milimita moja, hupeleka amri kwa kasi ya ajabu. Zinazokwenda mbali zaidi ndizo nene zaidi, hivyo amri hufika kote karibu kwa wakati mmoja. Misuli ya kiwiliwili hujikaza kwa pamoja, na maji husukumwa nje kupitia bomba dogo lililo chini ya kichwa.

Mbio hizo zina gharama. Ngisi ana mioyo mitatu: miwili hupitisha damu kwenye matamvua na mmoja huisambaza mwilini. Hata hivyo, damu yake, ambayo ni ya buluu kutokana na madini ya shaba, hubeba oksijeni kidogo kuliko ya binadamu. Kwa hiyo anapofyatuka, misuli hutumia akiba ya nishati isiyohitaji oksijeni. Akiba hiyo ikiisha, hana budi kupumzika.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Young aligeukia majeruhi, akichunguza namna neva zilizokatika zinavyopona. Mwaka 1945 aliteuliwa profesa wa anatomia katika chuo cha University College London, ingawa hakuwa daktari. Alishikilia wadhifa huo hadi 1974.

Tuzo ya Nobel haikumfikia. Mwaka 1963 ilikwenda kwa wengine, wakiwemo Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walioeleza jinsi umeme unavyosafiri katika neva. Neva waliyoitumia ilikuwa ile ile ya ngisi.

Young alifariki mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 90. Elimu ya neva wanayofundishwa madaktari leo inadaiwa mengi na kiumbe yule yule anayemponyoka mvuvi wa Msambweni katika wingu la wino.