Maisha ya John Bunyan, fundi wa masufuria aliyeandika Safari ya Msafiri



Kuna vitabu ambavyo mwanafunzi anasoma juu ya mtihani tu. Mtihani ukipita, kitabu kinafungwa, kwisha. Na kuna vingine ambavyo watu wanaazimana mpaka kifuniko kinatoka. Kitabu kimoja cha namna ile ni Safari ya Msafiri, ao kwa Kifaransa Le Voyage du Pèlerin. Ndani yake kuna mtu mwenye mzigo mgongoni, kuna jitu linalofunga watu mu ngome yake, kuna adui mwenye mabawa na magamba sawa samaki, kuna simba wawili kando ya njia na mto usio na daraja. Ni hadithi ya ushujaa kweli kweli. Lakini shujaa wake, jina lake Mkristo, ni mtu wa kuanguka kila mara. Anaogopa, anasinzia, anapotea njia. Kwa nini watu wamependa shujaa wa namna hii kwa miaka zaidi ya 300? Tufuate maisha ya ule aliyemwandika, na tutaona.

UTOTO NA UJANA

John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu ya mji wa Bedford, Uingereza. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa kutengeneza masufuria na vyombo vilivyotoboka. Kazi ile haikuwa na heshima kubwa. Hata hivyo wazazi walimtuma mtoto masomo, akajua kusoma na kuandika, kisha akarudi kushika nyundo pamoja na baba yake.

Kitu alichopenda kusoma hakikuwa Biblia. Wakati ule kuliuzwa vijitabu vya bei ndogo vya habari za mashujaa wa zamani: George aliyeua joka, na Bevis wa Southampton aliyepigana na majitu. Kijana John alivipenda kuliko Maandiko, na nyuma ya miaka mingi aliungama jambo hili mwenyewe kwa huzuni. Mshike neno hilo, kwa maana joka na majitu yale hayakutoka mu kichwa chake.

Mwaka 1644 ulimletea matata. Mama yake alikufa mwezi wa Juni, dada yake mwezi wa Julai, na mbele ya miezi mitatu kupita baba alikwisha kuoa mwanamke mwingine. Wakati ule mfalme na Bunge walikuwa wakipigana vita. John, kijana wa miaka 16 tu, akaingia katika jeshi la Bunge huko Newport Pagnell. Siku moja alichaguliwa kwenda kuzingira mji fulani, lakini mwenzake akaomba kwenda pahali pake. Askari ule akapigwa risasi ya kichwa akafa. Bunyan hakusahau jambo lile hata siku moja.

Alipotoka jeshini alioa. Walikuwa maskini hata hawakuwa na sahani wala kijiko. Mke wake alileta vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake, basi. John alipenda kucheza dansi, kupiga kengele za kanisa, na kufanya michezo siku ya Mungu. Zaidi ya yote alijulikana kwa kuapa na kutukana. Siku moja mwanamke mwenye sifa mbaya mu mji alimsikia akitukana, akamgombeza mbele ya watu ya kwamba ataharibu vijana wote. Kugombezwa na mtu mwema, sawa. Lakini kugombezwa na mtu wa namna ile! John aliinamisha kichwa kwa haya.

WOGA WAKE

Alipoanza kugeuza tabia, woga ukamshika. Aliacha kupiga kengele, lakini alikuwa anaenda kutazama wengine wakipiga. Ndipo akafikiri: je, kengele ikianguka? Akasimama chini ya boriti. Akafikiri tena: je, kengele ikigonga ukuta na kunirudia? Akasimama mlangoni. Mwisho akaona mnara wote unaweza kumwangukia, akakimbia.

Siku nyingine, alipokuwa akifanya kazi yake Bedford, alikuta wanawake maskini wamekaa mlangoni kwenye jua, wakiongea juu ya mambo ya Mungu kwa furaha. Aliona ya kwamba wako na kitu ambacho yeye hana. Kwa njia yao alijua kanisa dogo la mchungaji John Gifford, akaingia. Hata hivyo alikaa wakati mrefu akiwaza ya kwamba zambi yake haiwezi kusamehewa. Leo anaona tumaini, kesho linapotea. Mtu huyu mwenye kuyumbayumba ndiye aliyeanza kuhubiri karibu ya mwaka 1656, na watu wakaja kwa wingi kumsikiliza fundi wa masufuria.

MIAKA 12 MU BOLOKO

Mke wake wa kwanza alikufa mwaka 1658, akamwachia watoto wanne. Mkubwa wao, Mary, alikuwa kipofu tangu kuzaliwa. Mwaka 1659 akaoa mke wa pili, Elizabeth. Mwaka uliofuata mfalme Charles II alirudi katika utawala, na mahubiri nje ya kanisa la serikali yakakatazwa. Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alikwenda kuhubiri katika kijiji cha Lower Samsell. Rafiki zake walimwonya mbele ya ibada ya kwamba watakuja kumkamata. Angeweza kutoroka. Hakutoroka.

Alifungwa katika gereza la Bedford, na sisi tungesema boloko. Mlango wa kutoka ulikuwa mmoja: aahidi kuacha kuhubiri. Alikataa, akakaa kule miaka 12.

Hapa, wasomaji, tusipite mbio. Elizabeth alikuwa na mimba. Aliposikia habari ya mume wake alishtuka sana, akazaa mbele ya wakati, na mtoto akafa. Mwaka 1661 mama ule kijana alisimama mbele ya waamuzi kumwombea mume wake. Mwamuzi mmoja, Matthew Hale, alimsikiliza kwa huruma, lakini hakuna kitu kilichogeuka. Mu boloko Bunyan alisuka kamba za viatu, maelfu na maelfu, kusudi watoto wapate kula. Aliandika ya kwamba kuachana na jamaa, na zaidi Mary kipofu, kulimuuma sawa nyama ikivutwa kutoka mifupa yake, na alijiona sawa mtu anayebomoa nyumba yake mwenyewe juu ya kichwa cha mke na watoto. Wengine watamwita shujaa. Wengine watauliza kama mtu mwenye watoto wanne ana haki ya kufanya vile. Bunyan mwenyewe alijiuliza. Hakutuficha.

KITABU

Alifunguliwa mwaka 1672, akawa mchungaji wa kanisa lake Bedford. Baadaye alifungwa tena kwa miezi michache. Mwaka 1678 Safari ya Msafiri ikapigwa chapa London na Nathaniel Ponder. Sehemu kubwa, watu wengi hufikiri, iliandikwa bolokoni.

Mbele ya kuipiga chapa, Bunyan aliwaonyesha rafiki zake. Wakagawanyika. Wamoja walisema aitoe, wengine walikataa, kwa maana waliona si vizuri kueleza mambo ya wokovu kwa hadithi ya kubuni. Neno hili tunalisikia hata leo: hadithi ni uongo, mwanafunzi mwema asipoteze wakati wake. Bunyan aliwajibu ya kwamba manabii na Bwana Yesu mwenyewe walifundisha kwa mifano. Akaitoa. Joka na majitu ya vijitabu vya utoto wake yakapata kazi mpya.

Na ule shujaa? Mara anapoanza safari anatumbukia katika matope ya kukata tamaa. Kisha anadanganywa na bwana mwenye hekima ya dunia, anaacha njia. Juu ya kilima analala usingizi na kupoteza barua yake, inabidi arudi nyuma kuitafuta. Anapigana na Apolioni mpaka anakaribia kushindwa. Yeye mwenyewe anamshawishi mwenzake, Tumaini, kupita njia ya mkato kwa sababu njia ya haki inaumiza miguu, na vile wanakamatwa na jitu Kukata Tamaa na kupigwa. Tena ufunguo wa kutoka ulikuwa kifuani mwake siku zote, lakini alikuwa ameusahau! Hata katika mto wa mwisho anaanza kuzama kwa woga, na Tumaini anashika kichwa chake juu ya maji.

Sasa mnaona woga ule wa kengele ulikokwenda. Bunyan hakutafuta mtu huyu mbali.

Watumishi, mafundi na watu wa vijijini walikipenda kitabu mara moja. Wasomi wengi walikidharau kwa muda mrefu, kwa sababu mwandishi hakusoma masomo ya juu. Hata hivyo, mbele ya Bunyan kufa, sehemu ya kwanza ilikwisha kupigwa chapa mara 11.

Lakini neno moja lilibaki. Mkristo alipoondoka kwake, alimwacha mke na watoto wakimwita nyuma, naye akaziba masikio. Mwaka 1684 Bunyan akatoa sehemu ya pili. Safari hii anayesafiri ni mke wa Mkristo pamoja na watoto wao. Wanakwenda polepole, wanangojana, na njiani wanawapokea mtu wa magongo na mtu mwenye moyo dhaifu. Mtu akifikiria Elizabeth na Mary, anaelewa kwa nini mzee ule alirudi kuchukua wale walioachwa nyuma.

KUFA KWAKE

Mwaka 1688 Bunyan alikwenda Reading kupatanisha baba na mwana waliogombana. Akafaulu. Kisha akapanda farasi kwenda London, mvua kubwa ikamnyeshea njiani, akashikwa na homa. Alikufa tarehe 31 Agosti, akazikwa katika makaburi ya Bunhill Fields.

NA SISI?

Kitabu chake kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, na karibu 80 kati yao ni za Afrika. Kisiwani Madagaska, Malkia Ranavalona I alipokataza dini ya Kikristo mwaka 1835, waamini walikinakili kwa mkono na kukisoma kwa siri. Kwa Kiswahili kilikuja katika karne ile ile ya 19.

Wasomaji wa kwetu hawakukishangaa sana, kwa maana huku mashariki mwa Congo wazee walijua tayari namna hii ya shujaa. Wanyanga wa Kivu wanaimba habari za Mwindo. Mwimbaji Candi Rureke aliimba hadithi yake yote mwaka 1956, na ikatolewa kitabuni mwaka 1969. Mwindo anazaliwa na nguvu za ajabu, lakini ana majivuno mengi. Anaua joka aliyekuwa rafiki ya Nkuba, bwana wa radi, na Nkuba anampeleka juu mbinguni, anateswa na baridi, mvua na jua mpaka anyenyekee. Akirudi, anakuwa mtawala mwema. Shujaa anafundishwa kwa kosa lake. Bunyan na Rureke hawakujuana, walakini wasikilizaji wao wangeweza kukaa moto mmoja.

Tena sisi wa Ituri tunajua safari ya miguu. Mwaka 2003 watu wengi wa Bunia walikimbia vita kwa njia ya Beni, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Waulize wazee wako waliopita kule. Hawatakuambia ya kwamba hawakuogopa. Watakuambia nani aliyewashika mkono.

Ndiyo sababu, kwa mawazo yetu, Mkristo anapendwa. Shujaa asiye na kosa tunamshangilia, kisha tunamwacha kitabuni. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani, ao aliyeahidi Mungu jambo jumatatu na kulivunja siku ya tatu, anamwona mwenzake mu matope, na anamwona pia akitoka na kuendelea na njia. Lakini jambo la mke na watoto tunawaachia ninyi. Je, Bunyan alifanya vema kukaa bolokoni miaka 12? Mwulizane mu darasa, na majibu mtuletee kusudi tuyapige chapa katika gazeti letu.