Danie Krige na Sampuli Zing'aazo Kupita Kiasi

Askari walindao mpaka kati ya Busia na Tororo waijua dhahabu kwa vurugu zake: mashimo ya wachimbaji wadogo, walanguzi, na wageni wenye mikoba. Leo twapenda kumsimulia marehemu Danie Krige, ambaye hesabu zake hutenganisha mgodi na uvumi.

Alizaliwa Bothaville, Afrika Kusini, tarehe 26 Agosti 1919. Alihitimu uhandisi wa migodi Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1938, akafanya kazi katika migodi iliyochimbwa kwa jasho la Waafrika waliolipwa ujira duni. Mwaka 1943 aliingia idara ya serikali ya migodi.

Katika vipimo vya migodi aligundua jambo. Sehemu za mwamba zilizoonekana tajiri mno, zilipochimbwa, kwa wastani zilitoa pungufu. Zilizodhaniwa maskini zikatoa zaidi. Dhahabu haikuenea sawasawa mithili ya chumvi baharini. Hata katika mishipa ya mawe meupe ya Busia, mashine ya kuchoronga yaweza kugonga punje moja nene, sampuli ikasoma gramu mia kwa tani, na shimo la jirani lisiwe na kitu. Mlinzi akiona watu hamsini kivukoni, mkuu wa kituo haandiki hamsini kwa kila kivuko. Wala taarifa ile haitupi.

Wapimaji wengi walizoea kuzipunguza namba kubwa kwa kukisia. Krige, katika makala yake ya mwaka 1951, alionyesha kwamba viwango vya dhahabu vina mkia mrefu upande wa juu, na kwamba kipimo cha sehemu moja hakina budi kusawazishwa na wastani wa mwamba uizungukao. Mfaransa Georges Matheron aliijengea njia hiyo msingi wa hisabati na kuipa jina la Krige. Hata hivyo, kuweka kikomo cha juu kwa sampuli kali hakujaachwa, na si aibu.

Krige alifundisha Witwatersrand kuanzia 1981 hadi 1991, akafariki Machi 2013. Miaka tisa baadaye, Juni 2022, wizara ya nishati na madini ya Uganda ilitangaza tani milioni 31 za mawe yenye dhahabu, zitakazotoa tani 320,158 za dhahabu safi. Dhahabu yote iliyopata kuchimbwa duniani hukadiriwa kuwa tani 200,000 na ziada kidogo. Tukigawanya, twapata kilo 10 kwa kila tani ya mawe, ilhali migodi mingi mikubwa huendeshwa kwa gramu chache tu.