Habari za Ibn Khaldun na Kuacha Kwake Kazi ya Dola

Abdul-Rahman bin Muhammad, ajulikanaye kwa jina la Ibn Khaldun, alizaliwa katika mji wa Tunis mwanzo wa mwezi wa Ramadhani mwaka 732, nao ni 1332 wa miladi. Asili ya jamaa zake ni Hadhramaut; wakahamia Andalus wakawa watu wakubwa wa Ishbilia, kisha wakavuka bahari kabla ya mji huo kutwaliwa na Wakristo mwaka 1248. Alihifadhi Kurani, akasoma fikihi na lugha. Mwaka 749 (1348) ikaja tauni kubwa, ikawachukua wazazi wake wawili na wengi katika walimu wake.

Alipokuwa na umri wa kama miaka 20 akaingia katika kazi ya dola huko Tunis, naye ndiye mwenye kuandika alama ya Sultani juu ya barua. Kisha akawa katibu huko Fas. Akadhaniwa vibaya, akafungwa muda wa miezi 21. Baadaye akaenda Granada, na mwaka 1364 akatumwa kuwa mjumbe kwa Pedro, mfalme wa Kikristo, katika mji ule ule wa Ishbilia. Mfalme akataka kumrudishia mali ya wazee wake iwapo atakaa kwake; naye akakataa.

Mwaka 766 (1365) akashika cheo cha hajibu huko Bijaya, na mambo yote ya ufalme yakawa mkononi mwake. Huko ndiko alikojua kwa macho yake jinsi mali ya dola ipatikanavyo. Alipanda mwenyewe milima ya Waberberi waliokuwa wakizuia kodi, akashika watu wao rahani mpaka wakalipa yote, ikapatikana mishahara ya askari. Na kila siku amalizapo kazi za serikali huenda msikitini kusomesha. Kisha Sultani wake aliuawa vitani na binamu yake, na Ibn Khaldun akautoa mji kwa huyo mshindi.

Tangu hapo akawa mtu wa kuhama kwa Sultani huyu kwenda kwa yule, na wengi walimlaumu kwa jambo hilo. Hata mwaka 776 rafiki yake Ibn al-Khatib, aliyekuwa waziri wa Granada, akanyongwa gerezani huko Fas. Ibn Khaldun alimwombea, isifae. Mwaka ule ule Sultani wa Tlemcen akamtuma kuyavuta makabila ya Waarabu upande wake. Alitoka kama aliyeitika, lakini njiani akageuka, akaenda kwa Awlad Arif, wakamweka yeye na ahali zake katika ngome ya Ibn Salama. Umri wake ulikuwa kama miaka 43.

Alikaa huko kiasi cha miaka minne, mbali na mabaraza. Mwaka 779 (1377), kwa muda wa miezi 5, akaandika Mukadima yake. Yale aliyoyaona katika hazina yakawa ilimu. Alibainisha kwamba dola ikiwa changa hutoza kodi kidogo, watu wakapenda kufanya kazi, mapato yakawa mengi. Na izeekapo, anasa na gharama huzidi, kodi zikaongezwa, watu wakavunjika moyo wakaacha kulima na kuuza, na mapato yakapungua. Alionyesha pia madhara ya Sultani kufanya biashara akashindana na raia zake.

Akarudi Tunis kutafuta vitabu. Na alipozidi kuhusudiwa akaomba ruhusa ya kuhiji, akasafiri kwenda Misri mwaka 784 (1382). Huko Kairo alisomesha, na mwaka 786 akafanywa kadhi wa Kimaliki. Hakukubali maombezi ya wakubwa, akawaadhibu mashahidi wa uwongo. Uadui ukawa mwingi. Wakati huo huo jahazi lililowachukua ahali zake kutoka Tunis likazama. Akauzuliwa, akarudi kwenye kusomesha, akahiji mwaka 789. Baadaye alirudishwa katika ukadhi na kuondolewa mara kadhaa, akafa yu kadhi, Ramadhani ya mwaka 808 (1406).

Masultani aliowatumikia dola zao zimekwisha, na mali aliyowakusanyia ilikwisha kabla yao. Kilichobaki ni kile alichokiandika ngomeni, alipokuwa hana cheo wala mshahara. Mwenyezi Mungu amrehemu.