Bose, Mwalimu Aliyehesabu Tofauti

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikaeleza habari za joto kwa Kiingereza kilichonyooka. Nikauliza kama wameelewa, wakaitikia kwa pamoja kwamba ndiyo. Nilipouliza tena kwa Kiswahili, kumbe hakuna aliyeambulia kitu! Wanachuo wenzangu, tangu siku hiyo namfikiria sana Satyendra Nath Bose.

Bose alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1894, enzi za utawala wa Mwingereza. Mwaka 1921 akaenda kufundisha chuo kipya cha Dhaka. Shahada ya udaktari hakuwa nayo. Alikuwa anafundisha kanuni ya Planck kuhusu mwanga na joto, lakini jinsi vitabu vilivyoifikia haikumridhisha. Akaamua kuitafuta mwenyewe, kwa njia mpya ya kuhesabu.

Chukua kete mbili za bao na mashimo mawili. Kwa hesabu ya kawaida kuna njia nne za kuzipanga: zote shimo la kwanza, zote la pili, au moja moja, na hiyo moja moja tunaihesabu mara mbili kwa sababu kete zinaweza kubadilishana nafasi. Bose akasema chembe za mwanga hazina alama ya kuzitofautisha, kwa hiyo kubadilishana si jambo jipya. Njia zinabaki tatu, na katika mbili kati ya hizo kete ziko pamoja. Yaani chembe hizi zinapenda kukaa kundi!

Mwaka 1924, akiwa na miaka 30, alimtumia Einstein makala yake kule Berlin. Hawakuwa wakifahamiana. Einstein akaitafsiri mwenyewe kwa Kijerumani, ikachapishwa. Kisha akaipeleka hesabu ile kwenye atomi za gesi, akaona kwamba zikipoa sana, nyingi zitaangukia hali moja na kuwa kama kitu kimoja.

Ilichukua miaka kama 70 kulishuhudia jambo hilo. Mwaka 1995, huko Boulder, Marekani, Eric Cornell na Carl Wieman walipoza atomi za rubidi hadi chini ya sehemu moja ya milioni ya nyuzi juu ya kikomo cha ubaridi. Leo watafiti wanalishtua ghafla wingu la namna hiyo, kisha wanatazama kama litatulia au litaendelea kuyumba. Tuzo ya Nobel ya kazi ile ilitoka mwaka 2001. Bose alishafariki mwaka 1974, bila Nobel.

Mimi lakini kinachonigusa ni jambo lingine. Mwaka 1948 Bose alianzisha chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, pamoja na jarida lake. Na huyu hakuwa mtu wa kukimbia lugha za kigeni. Makala yake aliiandika kwa Kiingereza, na Kijerumani alikijua kiasi cha kushirikiana na Meghnad Saha kutafsiri kazi za Einstein. Alizijua lugha zote hizo, bado akaona mtoto wa kwao aelewe kwanza kwa lugha ya kwao.

Sisi tutakaoshika chaki karibuni, tuseme ukweli: tunataka wanafunzi waitikie, au waelewe? Mimi nikirudi darasani, naenda na kete zangu mfukoni.