Munganga Jackson na sude iliyounguza koo za watoto

Chevalier Jackson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1865 huko Pittsburgh, mji wa Marekani uliozungukwa na mashimo ya makala ya mawe. Siye watu wa shimo tunapaswa kumujua, hata kama hakuwa mtu wa sendika.

Utoto wake haukuwa mzuri. Alikuwa mdogo wa mwili na mpole, na watoto wa wachimbaji, watoto sawa wetu, walimutesa sana. Siku moja walimufunga macho, wakamutupa mu shimo la zamani ambalo halikuchimbwa tena. Imbwa mmoja njo alimukuta humo, amekwisha kuzimia. Tunaandika haya bila furaha. Lakini mutoto yule akakua, akatibu watoto wa maskini maisha yake yote, na wengi hakuwaomba hata falanga moja.

Baba yake hakuwa na feza. Chevalier alilipa masomo yake kwa kupaka maua na rangi juu ya vyombo vya kioo na sahani. Mwaka 1886 akapata diploma ya unganga kule Philadelphia, akarudi Pittsburgh kutibu koo, pua na masikio. Zamani zile mutoto akimeza pini, ao kifungo kikimuingia mu mapafu, kupasua kifua kulikuwa hatari kubwa. Jackson akatengeneza mirija myembamba ya chuma yenye kataa kadogo kwenye ncha. Anaupitisha mrija mu kinywa, anaona kitu pale kilipo, anakikamata na koleo ndefu, anakitoa polepole. Mkono wa kuume na wa kushoto, yote ilikuwa sawa kwake.

Lakini kitu kilichomuumiza roho zaidi ni sude, ile bamama wanapikia sabuni. Kule pia ilikuwa mu nyumba nyingi, kwa kufua na kusafisha. Ni nyeupe sawa sukari. Mutoto akionja, inaunguza koo. Kidonda kikipona, njia inakazana mpaka hata maji hayapite. Mutoto anakufa na njaa, chakula kiko mbele yake. Mu kitabu cha maisha yake Jackson anaeleza habari ya msichana mdogo ambaye siku nyingi hakuweza kumeza hata tone. Alimutolea uchafu ulioziba koo, muuguzi akamupa maji. Mutoto akameza kidogo kwa woga, yakashuka. Akameza tena, yakashuka. Kisha akasogeza gilasi kando, akakamata mkono wa munganga, akaubusu.

Kupanua koo kama lile kulichukua miezi, wakati mwingine miaka. Jackson akaona kwamba mrija hautoshi, kwa sababu viwanda viliuza sude mu mikebe bila kuandika kwamba ni sumu. Hapa njo tunamupenda zaidi. Angeweza kubaki mu chumba chake, kila mutoto aliyeungua aletwe kwake, na jina lake likue. Yeye akaenda kudai sheria, kwanza mu majimbo, halafu kwa bunge la taifa. Alipigana miaka mingi, na kifua kikuu kilikuwa kimemulaza kitandani zaidi ya mara moja. Tarehe 4 Machi 1927 Rais Calvin Coolidge akatia sahihi: sude ya kutumia nyumbani iandikwe sumu, na mkebe uonyeshe mambo ya kufanya mtu akiimeza.

Kwetu sude inapimwa mu sashe isiyo na neno hata moja, na sisi wenyewe tunaiweka mu chupa ya Fanta chini ya meza. (Mutoto akiimeza, musimutapishe: ikirudi inaunguza koo mara ya pili. Mukimbie naye hospitali.)

Jackson alikufa tarehe 6 Septemba 1958, na miaka 92. Vitu 2.374 vilivyotolewa mu koo na mapafu ya wagonjwa viko mpaka leo mu makumbusho ya Mütter, Philadelphia: pini, vifungo, sarafu, mifupa, vimepangwa ndani ya droo. Wenyewe walipokuja kudai vitu vyao, alikataa kuvirudisha.